Mwaka Tuliposoma Vita kwa Sauti

Komora alipokuja Garissa kutibiwa macho alilala kwangu, hapa Galbet, na ni yeye aliyeufukua mwaka huu ninaouandika. Mimi nilikuwa nimeuacha ulipo. Tulikuwa tumekaa ukumbini, birika la chai katikati yetu, tukibishana kama wazee wanavyobishana, nani alikuwa mrefu na nani alikuwa mwoga, mara mjukuu wangu Ifrah akaingia na viatu mkononi. Amechukuliwa na maktaba ya chuo kikuu anachosoma, akasema, yeye na wenzake wachache. Watapanga vitabu huku wakiendelea na masomo, na mwisho wa mwezi watalipwa. Komora akacheka mpaka akakohoa. "Mama," akamwambia, "hiyo kazi tuliianza sisi. Mimi na huyu babu yako." Ifrah akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi anayedaiwa kuwa ameenda Maka. "Awowe? Awowe hata meseji za simu namsomea mimi." Nikasema ni kwa sababu ya macho, na hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba shule niliiacha mapema, na sababu ya kuiacha imo humu ndani, tutaikuta njiani.

Habari za nilikozaliwa na baba yangu alikuwa nani nitaziruka. Kwetu ukianza na hizo hufiki, maana ukimtaja babu wa kwanza ni lazima umtaje na wa kumi, na wa kumi ana ndugu zake. Yatosha kujua kwamba nilikuwa mwanafunzi wa darasa la saba mwenye ndevu. Wakati ule wanafunzi walikuwa watu wazima, wengine wana wake nyumbani. Komora alikuwa mwenzangu wa dawati, Mpokomo wa kusini mwa mto, ametumwa kwa shangazi yake Garissa kusoma. Mimi nilimwita mla samaki, yeye aliniita mnuka ngamia, na tuligawana kila kitu isipokuwa samaki.

Chuo kikuu kimoja cha huko Kenya kiliamua kufungua chumba cha kusomea mjini kwetu. Nasema huko Kenya kwa sababu wakati ule mtu akivuka mto kwenda Nairobi tulisema amekwenda Kenya, ingawa uhuru ulikuwa umeshakuja na bendera ilikuwa inapepea hapa hapa kwetu. Vitabu vilikuja katika masanduku ya mbao, nyuma ya lori, katikati ya msafara wa magari ya askari. Watu wakadhani ni risasi. Chumba tulichopewa kilikuwa ghala la mahindi, na harufu ya magunia haikutoka mpaka mwisho. Ukifungua kitabu chochote kilinuka unga. Rafu tulizitengeneza kwa masanduku yenyewe, miguu yake tukaitia ndani ya makopo yenye mafuta ya taa kwa ajili ya mchwa. Bati la juu likipata jua la saa sita lilikuwa linalia, ka, ka, kama mtu anayevunja vijiti. Pamoja na masanduku alikuja mkutubi, Bwana Elkana, Mluhya mwembamba aliyefunga tai hata siku za joto la kuua nzi. Ndiye aliyekwenda shuleni akaomba wanafunzi wawili wenye Kiingereza, wafanye kazi baada ya masomo na wakati wa likizo, kwa mshahara wa chuo. Mwalimu akamtoa Komora kwa sababu alikuwa na Kiingereza, na akanitoa mimi kwa sababu Komora hakuwa na Kisomali.

Bwana Elkana alitufundisha kazi kwa upole sana. Muhuri upigwe ukurasa gani, kitabu kishikwe vipi kisivunjike mgongo. Akabandika ukutani karatasi yenye neno KIMYA kwa herufi kubwa. Tukakaa na kimya chetu. Siku ya kwanza alikuja karani mmoja akasoma gazeti la zamani, akalala. Siku ya pili hakuja mtu. Wazee walipita nje, wakachungulia, wakaona vijana wawili na Bwana mwenye tai wamekaa bila kusema neno, wakafikiri kuna msiba. Mmoja aliingia akatupa pole. Bwana Elkana alihuzunika, maana alitakiwa kuonyesha huko kwao kwamba chumba kina watu. Alitembea tembea, akaivua tai, akaifunga tena, halafu akasema, "Vijana, kama hawawezi kusoma, tutawasomea." Akaibandua ile karatasi yeye mwenyewe. Kwa hiyo watu wanaosema kwamba mimi na Komora tulianzisha yale mambo kwa utundu wetu, wajue tuliagizwa.

Tukatandika mikeka. Saa kumi alasiri wazee walikuja, na chai yao. Kitabu tulichoanza nacho kilikuwa chekundu, kimepotea kurasa za mbele, jina lake sikulijua wakati ule na silijui leo. Tulikichagua kwa sababu kilikuwa na vita ndani, na Komora alisema watu wako bila vita watalala. Kilikuwa cha nchi ya baridi. Jeshi la watu wenye makoti marefu limefika kando ya mto mkubwa, linataka kuvuka kwenda kuchoma ghala za nafaka upande wa pili, na linangoja mto ugande. Kiongozi wao ni kapteni mwenye mkono mmoja mbovu, mtu mkimya, ambaye hakutaka vita hiyo lakini alikuwa ameapa. Namna yetu ya kusoma ilikuwa hivi: Komora anasoma mstari kwa Kiingereza moyoni mwake, ananiambia kwa Kiswahili, mimi nawapa wazee kwa Kisomali. Kitabu kilivuka watu wawili kabla ya kufika kwenye mkeka, na kila kilipovuka kililowa kidogo. Komora alikuwa mtoto wa mto, kwa hiyo mto wa kitabu, kabla haujaganda, ulipata mamba. Mimi nikifika kwenye farasi nilisema ngamia. Ningesema nini? Mle chumbani nani alikuwa amempanda farasi? Na barafu nilipoifikia nilikwama kabisa. Nikawaambia mto ule ukifika msimu wake unakuwa mgumu kama chumvi, ngamia wanapita juu. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Mungu ni muweza," na tukaendelea.

Katika wale wazee alikuwepo adeer yangu Shurie. Adeer ni ndugu wa baba, na kwetu jina hilo linakwenda pande zote mbili, mimi nikimwita adeer na yeye ananiita adeer, kwa hiyo mgeni akitusikia hajui nani mkubwa. Nilikuwa nikikaa kwake. Alikuwa dalali wa mifugo, na katika mwaka ule ambao watu walikuwa wamekatazwa kwenda huku na huku, yeye alikuwa na kibali cha kutembea visimani kununua mbuzi wa soko. Lakini jambo lililomfanya ajulikane kutoka Garissa mpaka mpakani halikuwa mbuzi. Lilikuwa habari. Kwetu mtu hampiti mtu njiani. Mkikutana, hata jua likichoma vipi, mnasimama, mnachomeka fimbo chini, na mmoja anamwambia mwenzake: toa habari. Mvua imenyesha wapi, kisima gani kina maji, nani amekufa, nani anatafuta ngamia mwenye alama gani. Unachopewa unakibeba vile vile mpaka kwa mtu mwingine. Hupunguzi, huongezi. Watu wanahama kwa habari hiyo, wanaishi au wanakufa kwa kiu kwa habari hiyo. Mtu akigundulika kuwa amebeba ya uongo, hata binti zake hupata tabu kuolewa. Adeer Shurie alikuwa na miaka mingi ya kubeba, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia, Shurie, ile haikuwa hivyo.

Sasa mtu kama huyo mketishe kwenye mkeka, msomee. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kidole kikichora mchanga. Nikinyamaza anauliza. "Watu hao wenye makoti, ni wa ukoo gani?" Komora akasema kitabu hakikutaja ukoo. "Wana ngamia wangapi?" Wengi. "Na mto wenyewe ni upande gani?" Hapo nikatazamana na Komora. Komora akasema kwa Kiswahili, "Mwambie ni mbali." Nikamwambia ni mbali. Adeer akasema mbali si mahali. Na kweli, kwetu habari isiyo na mahali ni kama maziwa yasiyo na chombo, utayapeleka vipi? Wazee wote walikuwa wakingoja. Nikasema, "Ng'ambo, upande jua linapotua." Akatikisa kichwa, akaridhika. Mimi mpaka leo sioni kosa langu liko wapi. Nchi ile ya baridi iko upande gani? Ifrah amenionyesha kwenye ramani, anasema ni kaskazini. Kaskazini kidogo na machweo kidogo, nikamwambia.

Vita yenyewe, ile ya kwetu, sikuielewa wakati ule na sidhani naielewa sasa. Asubuhi unaambiwa shifta, yaani waasi wa msituni, ni wale, jioni unaambiwa shifta ni nyinyi. Mtu aliyekunywa chai na sisi juzi tunasikia ameingia msituni, mwingine aliyekuwa msituni tunamwona sokoni amevaa sare. Nyumbani kwa adeer watu walizungumza kwa sauti ya chini wakila anjera na nyama kavu ya nyirinyiri, mimi nikiwa nyuma ya pazia la magunia nikijifanya nasoma. "Wanasema tutawekwa vijijini, na mifugo ihesabiwe." "Nani anasema?" "Serikali." "Na wale wengine wanasemaje?" "Wanasema atakayekubali kuwekwa kijijini atajuta." "Basi tufanye lipi?" Mke wa adeer, ambaye sote tulimwita Eddo, anasema, "Kuleni, chakula kinapoa." Kila mwaka huo ukinijia, hunijia na sauti hiyo: kuleni, chakula kinapoa.

Adeer Shurie aliondoka kwenda visimani na kitabu kilikuwa hakijafika nusu. Aliporudi na mbuzi wake hakuwa na la ajabu la kusema, akaingia kwenye mkeka, akataka kusomewa yaliyompita. Lakini mjini mambo yalikuwa yameanza kunuka. Farah muuza chai, ambaye mkono wake ulipinda tangu utoto alipoanguka kisimani, alikuwa ameitwa kambi ya askari akaulizwa maswali, akaachwa, akaitwa tena. Fundi mmoja wa baiskeli aliyefunga bandeji aliambiwa aifungue. Farah alisema pale mkahawani, "Wanatafuta kapteni. Nikawaambia mimi hata kupanda punda sijui." Watu wakacheka. Mimi na Komora hatukucheka. Tulitazamana, na nadhani tulielewa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Habari ilikuwa imerudi. Ilikwenda kisima kwa kisima, ikavuka wachungaji na wanawake wa maji na madereva, ikafika kwenye masikio ya serikali nzima nzima, haikupungua hata kidogo: jeshi liko ng'ambo ya mto upande wa machweo, lina ngamia wengi, linangoja mto uwe mgumu, likivuka litachoma ghala za nafaka, na kiongozi wake ni kapteni mwenye mkono mbovu. Garissa kulikuwa na mto mmoja. Ghala za nafaka za serikali zilikuwa kando yake. Ukimuuliza mtu yeyote pale njiani umeipata wapi, alisema bila kusita, kwa Shurie, maana jina la Shurie ndilo lililoipa uzito. Askari wakaja kumchukua asubuhi, akiwa anapiga mswaki mlangoni. Hakuuliza kwa nini. Alimwambia Eddo asiwaache mbuzi juani.

Kwa siku kadhaa hatukuruhusiwa kumwona. Eddo alipika, mimi nikapeleka, askari wa lango akapokea, na sufuria ikarudi tupu bila neno. Ilisemekana watu wa namna yake wanapelekwa Kenya, kwenye jela za huko, na wengi waliokwenda hatukuwa tumewaona tena. Bwana Elkana tulipomweleza aliketi juu ya sanduku, tai mkononi. Akasema, "Mimi niliwaambia mfanye nini?" Tukasema, tusome kwa sauti. "Ndiyo," akasema, "nilisema hivyo." Halafu akaifunga tai, akakichukua kitabu chekundu, akatuambia twende.

Afisa aliyekuwa na shauri hilo alikuwa mtu wa mlimani, sauti yake ya chini, meza yake imejaa vikombe. Adeer Shurie alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha chuma, amekonda, lakini kilemba chake kimefungwa vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, herufi zetu za Kisomali zikichungulia ndani. Afisa akamuuliza mbele yetu, "Mzee, huyu kapteni yuko wapi?"

"Kando ya mto. Yeye nangoja."

"Ulimwona?"

"Habana. Nilibewa."

"Ulipewa na nani?"

Adeer akanyoosha kidole kwangu, bila ubaya wowote, kama mtu anayeonyesha kisima. "Na huyu. Karatasi mkononi yake."

Bwana Elkana akasema, "Afande, hii ni riwaya." Afisa akauliza riwaya ni kitu gani hicho. "Ni hadithi ya kutungwa. Kapteni huyu hayupo." Afisa akampa Komora kitabu asome, naye akasoma, akitafsiri. Afisa akamsimamisha. "Hapo kuna farasi. Ngamia wako wapi? Habari niliyonayo mimi ina ngamia." Nikamwambia ngamia ni wangu. "Na mamba?" Komora akainua mkono. "Na upande wa machweo?" Mkono ukawa wangu tena. Afisa akajifuta uso. "Kwa hiyo kitabu kinasema kingine na mzee anasema kingine, na nyinyi mnaniambia ni kitu kimoja." Nilianza kuona kwamba kila tulilosema lilikuwa linamzamisha adeer zaidi. Kisha afisa akauliza lile ambalo, nadhani, lilikuwa limemnyima usingizi. "Mto kuwa mgumu maana yake nini? Wakubwa wangu wanasema ni neno la siri."

"Ni barafu, afande," akasema Komora.

Afisa akalirudia neno: barafu. Halafu akasema taratibu kwamba kwao, juu kule, kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, ukizikanyaga zinalia. Akatazama dirishani, jua la Garissa likipiga bati la kambi, akaanza kucheka, si kwa dharau, kama mtu aliyeshushwa mzigo. Akasema basi. Mzee aseme mbele ya mashahidi kwamba aliyoyatangaza ni uongo, aweke kidole gumba, aende kwa mke wake.

Nikamtafsiria adeer. Nilikuwa na furaha, nilidhani tumemaliza. Adeer Shurie akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana."

Nikamwambia, adeer, watakupeleka Kenya. Akasema amesikia. "Sijabeba uongo tangu niote ndevu. Nikisema hapa kwamba ni uongo, itatembea kuliko ile ya kwanza. Watu watauliza, na ile ya mvua ya mwaka juzi? Na ile ya kifo cha fulani?" Kisha akaniuliza mimi, macho kwa macho, "Adeer, niambie. Ilikuwa uongo?" Na mimi sikujua. Wallahi sikujua. Nikamgeukia Bwana Elkana. Akasema vita ile ilitokea kweli, zamani, na mto upo, na uliganda, ila watu waliomo kitabuni wametungwa na mwandishi. Nikampa adeer maneno hayo kama yalivyo.

"Vita ni ya kweli?"

"Ndiyo."

"Na watu si wa kweli?"

"Ndiyo, adeer."

"Basi nani alipigana?"

Nikamtafsiria Bwana Elkana, naye akaanza kuikaza tai yake. Afisa akasema, "Swali la mzee ni zuri, lakini mimi nina kazi." Wakati ule ndipo Komora aliposogea mbele. Akasema, kwa Kiswahili cha pole pole ili adeer amwelewe mwenyewe, "Mzee, usiseme uongo. Sema hivi: habari hii ni ya nchi nyingine, ni ya zamani, na waliomo wamekufa wote." Adeer akafikiri. Akauliza, "Wote?" Wote, akasema Komora. "Na kapteni?" Komora akainamisha kichwa. "Na yeye." Adeer Shurie akainua viganja akamwombea marehemu, pale pale kwenye kiti cha chuma. Bwana Elkana akanong'ona kwamba kapteni hakuwa Mwislamu. "Mungu anamjua," akasema adeer, akaweka kidole gumba.

Juzi tu, hapa Galbet, nilimwambia Komora kwamba maneno yake yale yalikuwa ya hekima kuliko umri wake. Akanyonya chai. Akasema, "Yusufu, mimi ule mwisho wa kitabu sikuwahi kuufikia." Nikamuuliza, kwa hiyo kapteni? "Sijui. Labda alirudi kwao akaoa. Nilitaka babako mdogo atoke." Miaka yote hii nimekuwa na hakika kwamba kapteni alikufa, nimemhesabu katika wafu wangu. Sasa sina pa kumweka.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini alfajiri ya siku ya tatu au ya nne baada ya kutoka, nilimkuta adeer akimfunga ngamia kiriba cha maji. Kibali chake kilikuwa kimechukuliwa, na nje ya mji wakati ule mtu aliyeonekana akitembea hakuulizwa swali, alipigwa risasi. Eddo alisimama mlangoni, shuka kichwani. "Umetoka juzi tu, Shurie. Unakwenda wapi, kujiuza?"

"Nimeacha kitu visimani."

"Kitu gani?"

"Habari. Wako watu wanaifuata. Mtu anaweza kuhama kwa ajili yake, mtu anaweza kuuza mifugo. Siwezi kuiacha huko peke yake."

"Tuma mtu."

"Aliyeipeleka ni mimi."

Eddo hakubishana tena. Alimtilia tende kwenye kitambaa, na akamwambia kwamba akifa hatamlilia, na wote wawili walijua ni maneno tu. Mimi nikaambiwa nitazame mbuzi mpaka arudi. Wiki ikawa wiki nyingine. Wenzangu walifanya mtihani nami niko na mbuzi kando ya mto, maana Eddo hakuwa na mtu mwingine, na mbuzi wakipita mpaka uliowekwa walipigwa risasi. Komora alifanya mtihani, akapita, akaenda Kenya, akawa mwalimu. Chumba cha kusomea kilifungwa. Bwana Elkana aliitwa kwao, masanduku yakapakiwa tena kwenye lori na makopo ya mafuta ya taa yakabaki yamesimama safu safu mle ndani. Alikuja kuniaga malishoni, na tai. Alinipa mshahara wa mwisho wa chuo, na akaniambia kwa uso wa huzuni kwamba wasomaji wangu walikuwa wengi kuliko wa matawi yote. Sijui kama alikuwa anatania.

Adeer Shurie alirudi mvua zikiwa zimeshika. Alikuwa ngozi na mifupa, na ngamia hakuwa naye. Alikunywa maziwa, akaoga, akalala mpaka kesho yake, na alipoamka aliniita mimi kabla ya Eddo. Akaniambia amefika visima vyote, na kila kisima alisimama akachomeka fimbo na akasema: ile habari niliyowapa ni ya nchi nyingine, ni ya zamani, na waliomo wamekufa wote. Wengine walikasirika, wengine walicheka, mwanamke mmoja alimlilia kapteni. Visima vyote, isipokuwa kile cha mwisho kabla ya mpaka. "Nimekuta majivu tu," akasema. "Wamevuka. Wamehamia Somalia, na ile ya kwanza wameondoka nayo." Akakaa akitazama mikono yake. "Kwa hiyo huko walikokwenda bado ni kweli." Halafu akaniambia, si kwa amri, kama mtu anayemwachia mwenzake fimbo: "Wakirudi na mimi sipo, uwaambie wewe, adeer. Ndiwe uliyekuwa na karatasi."

Alifariki zamani, kitandani kwake, na maziko yake yalijaa watu wa mbali. Mimi niliendelea na udalali wake. Na wale wa kisima cha mwisho walirudi, ila si kwa namna tuliyodhani. Vita ya kwao ilipowatoa, walivuka mpaka na maelfu ya wenzao, wakaishia kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mahali ambapo mimi nilipajua pakiwa vichaka na dikidiki. Nilikuwa nikipeleka mbuzi kwenye soko la kambi, na kila nilipokutana na mtu wa makamo au zaidi niliuliza: watu wenu walinywesha wapi? Wengi walidhani ninatafuta deni. Mpaka siku moja, karibu na mahali mikokoteni ya punda inaposimama, nikamuuliza mzee aliyekuwa akiuza sukari na betri, akanitajia kisima chenyewe.

Nikamwambia mimi ni wa Shurie. Akaacha kupima sukari. "Yule dalali? Yule wa jeshi na kapteni?" Akasema wakati huo alikuwa kijana. Baba yake aliipokea habari jioni, na kwa kuwa aliyeileta ni Shurie hakuuliza mara mbili, walifungua mahema kesho yake wakavuka. Nikasimama sawasawa, nikachomeka fimbo kwenye mchanga, nikampa kama nilivyoachiwa: habari ile ni ya nchi nyingine, ni ya zamani, na waliomo wamekufa wote.

Akanisogelea. "Unaniambia hawakuja?"

"Hawakuja."

"Majirani zetu walibaki pale kisimani," akasema. "Mwezi haukuisha, wakaja watu na bunduki. Ngamia waliuawa wote, na wanaume. Sisi tuko hai kwa sababu baba alihama. Sasa wewe unasimama mbele yangu unaniambia hawakuja."

"Wale wa kitabu hawakuja," nikasema. "Hao walikuwa wengine."

"Wengine," akasema. Akarudi kwenye mizani yake. "Nenda, adeer. Shurie hakusema uongo."

Nikabaki nimesimama pale, mikokoteni ikinizunguka. Nilikuwa nimetumwa kuirudisha ile habari, na mzee aliyenayo amekataa kuitoa.